Kiti cha Mwisho

Shizuno alishuka basi akiwa amekumbatia koti la kazi la marehemu mumewe, alilolifua na kulipiga pasi. Mali ya watu hurudishwa: ndivyo alivyomwambia dada yake. Lakini kilichomleta mlimani ni neno moja lililomkwama kooni miaka kumi na moja. Kesho ilikuwa siku ya arobaini na tisa tangu mumewe afariki. Kwa desturi yao, mifupa ya Kiyoharu iliyobaki baada ya mwili kuchomwa ingezikwa na roho yake ingeondoka nyumbani moja kwa moja.

Kila jioni Kiyoharu alifungua mlango akasema, "Nimerudi," kama asemavyo kila mtu kwao. Na kila mtu hujibiwa, "Karibu nyumbani." Shizuno hakumjibu. Alimpakulia wali, akammiminia supu, akanyamaza. Sasa alipiga magoti kila asubuhi mbele ya picha yake ili amjibu, na mdomo ulikuwa mzito vilevile.

Kisa kilikuwa Takuma, mtoto wao wa pekee. Alifika saa ya kufunga kwenye lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani, mbao za kutelezea thelujini begani, na baba yake ndiye aliyekuwa zamuni. "Mara moja tu, baba," akaomba. Baba akamfagilia theluji kwenye kiti cha mwisho, akamwinamia kama alivyowainamia abiria wote. Huko juu kijana akavuka kamba ya mpaka wa eneo salama, theluji ikaporomoka, ikamfunika. Siku ya nne baada ya mazishi Kiyoharu alirudi kazini, kwenye lifti ileile, na tangu hapo akawa anarudi kwa basi la pili badala ya la kwanza. Huyu ana moyo wa jiwe, Shizuno alijiambia, tena ameanza ulevi.

Leo mlima ulikuwa wa kijani. Wageni walipanda kutazama maua, wengine na baiskeli zao. Kiangazi au theluji, mlima ule haukosi wateja. Hisako, aliyefanya kazi na Kiyoharu miaka ishirini, alilipokea koti kwa mikono miwili.

"Shemeji, hili ndilo lile koti? Mwenyewe alilivaa kama gunia."

"Nyumbani alilivua na kulikunja vizuri."

"Basi alikuwa anakuogopa." Hisako alicheka kidogo, akatazama saa. "Ngoja nifunge, tunywe chai."

Kengele ililia. Abiria wa mwisho walikwisha kushuka. Hisako akachukua ufagio, akakifagia kiti kilichofuata, kikavu kabisa, kisha akainama mpaka kiunoni. Kiti kikaenda kitupu.

"Unafagia nini?" Shizuno aliuliza. "Theluji iko wapi?"

"Ndivyo alivyotuachia mzee. Cha mwisho hakipandwi na mtu, ni cha kijana wenu. Alikifagia kila siku, halafu anasimama hapo ulipo mpaka kizunguke kirudi. Dakika kumi na nne. Basi la kwanza linamwacha."

"Mimi nilidhani anakunywa."

"Mzee yule? Walimpa kazi ya ofisini, penye joto. Akakataa. Akasema, 'Nikihama, nani atampokea?'" Hisako akamtazama. "Hakukwambia?"

"Angeniambia saa ngapi? Nilikuwa simjibu."

Majuto ni mjukuu, na Shizuno, ambaye hakujaliwa wajukuu, akampata huyo. Walingoja, mashine ikinguruma, mpaka kiti kikatokea kwenye ukungu, kikashuka taratibu.

"Karibu nyumbani," Shizuno akasema.

Hilo lilikuwa la mtoto. Akalirudia kwa sauti kubwa zaidi, akitanguliza jina la mumewe, kisha akasubiri. Hisako akazima mashine. Hakuna aliyejibu, na ukimya ule Shizuno aliutambua: ndio aliomwandalia Kiyoharu mezani kila jioni, kwa miaka kumi na moja.