Mwendo wa Robi

Bendi ya Nkende Jazz ilidumu miaka mitatu bila kugombana, mpaka siku Nyangwine alipowaambia wenzake kwamba wachague mtindo mmoja.

Ilikuwa mwaka 1957, wiki chache baada ya Pasaka. Barua ilikuwa imetoka Musoma, ikiwaita kwenye dansi kubwa la mwezi wa tisa ambako bendi nne zingepambana. Kabla ya hapo walikuwa wakipiga kila walichokisikia kwenye gramafoni ya Nyangwine: rumba leo, foksi kesho, na arusini hata nyimbo za kanisani wakiombwa. Nyangwine alikuwa fundi cherehani, mpiga gitaa, na kiongozi wao. Aliwakusanya barazani kwake, akaegemea cherehani.

“Bendi isiyo na mtindo ni sawa na ng'ombe asiye na alama,” alisema. “Akipotea huna la kudai. Musoma tukiingia na kila kitu, tutatoka bila kitu. Kila mtu aseme lake.”

Simoni, mwimbaji, alisema cha-cha-cha. Mpiga ngoma akasema cha-cha-cha. Mpiga banjo alikubali kabla hajaulizwa.

“Na mimi pia,” Nyangwine akacheka. “Mtindo wenyewe umeitwa jina la baba yangu, tena mara tatu. Nani hapa Tarime atakataa kumcheza Chacha?”

Wote walicheka isipokuwa Heche Mseti. Heche alikuwa fundi baiskeli pale Bomani, na ndiye aliyepuliza tarumbeta. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, na hasira yake ilijulikana kwa kuwa haikupiga kelele. Ilikaa kwenye taya.

“Mimi nasema bluzi,” alisema.

“Bluzi ni ya msiba, mura,” Nyangwine alisema.

“Ni ya watu wenye la kusema.”

Bluzi aliipata vitani. Yeye na Nyangwine waliingia Keya, jeshi la Waingereza, pamoja, wakafika mpaka Burma. Katika kambi moja huko India, Mmarekani mweusi, dereva wa lori, alimfundisha kwa majuma sita namna ya kuikunja sauti ya tarumbeta ikashuka nusu hatua na kulia kama mtu. Hawakujua lugha moja. Yule dereva alikuwa akipuliza, Heche anafuata, akikosea anapigwa konzi. Tangu arudi nyumbani, Heche hakuacha kuisoma bluzi. Santuri mbili alizokuja nazo alizisikiliza mpaka zikaanza kukwaruza, na kila alichokisikia alikijaribu siku nzima mpaka midomo ikavimba.

Kura zilikuwa nne kwa moja. Heche alisimama, akachukua tarumbeta yake.

“Sawa. Nitapiga hiyo cha-cha-cha yenu. Lakini Mwendo wa Robi usiguswe. Hautapigwa Musoma, hautapigwa arusini, hautageuzwa.”

Kicheko kilikatika. Nyangwine alimtazama, akamfuata mpaka uani.

“Heche, sisi ni saro moja,” alisema. Maana yake walitahiriwa mwaka mmoja, siku moja, na watu wa saro moja hawadanganyani. “Nakuapia. Wimbo ule ni wako.”

Wakapeana mikono.

Robi alikuwa binti wa pekee wa Heche. Surua ilimkamata mwaka 1955, akiwa na miaka minne, masika bado yanamwagika. Heche alimpakia mkewe Mokami nyuma ya baiskeli, mtoto kifuani mwa mama, akawaendesha kwenye matope kuelekea hospitali ya misheni. Hawakufika. Robi alikata roho njiani, Mokami akiwa bado anamwambia Heche akanyage, akanyage. Walirudi kwa miguu. Heche aliisukuma baiskeli, mtoto amefungwa kwa kanga juu ya keria, na mlima ulikuwa mrefu, na gurudumu la nyuma lilikuwa likikwaruza kwenye madigadi iliyojaa tope kila lilipozunguka. Wimbo ulitoka hapo. Hatua, gurudumu, hatua. Hauna maneno. Alikuwa akiupuliza kila jioni nyuma ya nyumba, kabla giza halijaingia, na majirani wa Nkende walijifunza kuteremsha sauti zao wakiusikia.

Tangu mazishi hakumwita tena mkewe Mama Robi. Alimwita Mokami, kama wakati wa uchumba.

Mwezi wa sita homa ilimlaza Heche majuma matatu. Nyangwine alikuja mara moja na papai, akakaa kidogo, akawa anaangalia mlango. Mokami alimuuguza mumewe vizuri: uji asubuhi, kwinini, maji ya kumkanda. Jumapili alikuwa akitoka kwenda kanisani na kuchelewa kurudi. Heche hakuuliza. Mgonjwa ana safari yake mwenyewe.

Jumapili ya tatu alikuwa amekaa nje kwenye jua, blanketi begani, alipopita kijana mmoja aliyekuwa akienda kusaga mahindi, gunia kichwani. Alikuwa akipiga mluzi. Heche aliusikiliza ule mluzi kama mtu anayesikia jina lake likitajwa na asiyemjua. Ulikuwa Mwendo wa Robi. Lakini ulikuwa ukirukaruka. Halafu kijana akaacha mluzi, akaimba kwa sauti:

“Robi, Robi, njoo ucheze!”

“Wewe!” Heche alisimama, akashika ukuta. “Umeupata wapi huo?”

“Shikamoo baba. Ni wa Nkende Jazz. Wanaupiga Bomani kila Jumapili. Hata leo wanapiga.” Akacheka. “Huyo Robi ni mwanamke wa namna gani jamani, kila mtu anamtaka acheze!”

Heche aliingia ndani, akavaa suruali, akaanza kushuka kwenda Bomani. Njiani alisimama mara mbili kutapika. Kila aliposimama, hasira ilimwinua. Alimwona Nyangwine mlangoni na papai lake. Alimwona akiangalia mlango. Kumbe ndiyo maana! Mtu umekula naye panya mwituni huko Burma, umemfunga jeraha kwa shati lako, leo anakuja kuhakikisha kwamba bado huwezi kusimama.

Dansi lilifanyika alasiri, kwa kuwa kibali kiliwataka wafunge kabla ya jua kuzama. Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la mahindi, mabati juu, vumbi chini. Kabla hajafika mlangoni aliusikia wimbo wake. Ngoma ilikuwa inaupiga mateke. Gitaa la Nyangwine lilichukua ile sehemu ya mlima, sehemu ya pumzi kukatika, likaifanya ngazi ya kupandia na kushukia, na Simoni alikuwa juu yake anaita, “Robi, Robi, njoo ucheze, mguu huu, na huu, na huu!” Wanaume walikuwa wakizungusha viuno. Mmoja mwenye chupa mkononi aliliita jina la mtoto kama anayemwita mhudumu.

Heche alipita katikati yao akiwasukuma. Alikuwa hatua nne kutoka jukwaani alipomwona Mokami.

Mkewe alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kanisani. Alikuwa akicheza peke yake, macho amefumba, viatu ameshika mkononi. Alirusha mguu wa kushoto, halafu wa kulia, halafu akazunguka kidogo, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Heche hakukiona kwa miaka miwili, na kilichomuudhi kuliko kiuno cha mlevi yeyote pale ndani.

Alipanda jukwaani, akabana nyuzi za gitaa kwa kiganja. Wimbo ukafa.

“Uliniapia,” alisema.

Uso wa Nyangwine ulikuwa umepauka. “Heche, kaa kwanza. Unaumwa.”

“Uliniapia! Saro moja! Unamchezesha mtoto wangu mbele ya walevi!”

“Nisikilize—”

Alimpiga ngumi ya mdomo. Nyangwine alianguka juu ya ngoma, gitaa likapasuka ubavu. Simoni na mpiga banjo walimkamata Heche mikono, naye, ingawa homa ilikuwa imemmaliza nguvu, aliwakokota wote wawili, akitaka kumfikia tena yule aliyelala pale anapangusa damu.

“Mwache!” Sauti ya Mokami ilipita juu ya watu. “Ni mimi. Ni mimi niliyewaambia waupige.”

Heche aliacha kuvutana.

“Wewe?”

“Nilikwenda kwake nikamlilia. Alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Mara ya tatu nikamwimbia maneno. Hayo maneno hawakuyatunga wao, Baba Robi.”

Jina hilo lilimgonga kuliko kama angepigwa ngumi.

“Ni maneno yangu na mwanangu,” Mokami aliendelea. “Wewe ukiwa kazini, mimi nikimwogesha, nilikuwa namwimbia hivyo, naye anacheza kwenye beseni mpaka maji yanaisha. Mguu huu, na huu. Ulikuwa hujui, kwa kuwa ukirudi alikuwa amelala.”

“Ungeniambia.”

“Ningekuambia saa ngapi? Jioni una tarumbeta mdomoni! Miaka miwili, kila jioni, unatoka nyuma ya nyumba unamzika. Mimi niko jikoni, namzika na wewe. Natia chumvi, namzika. Napakua, namzika. Mtoto aliishi miaka minne, Heche. Alikufa siku moja. Wewe umeshika ile siku moja, ile miaka minne umeitupa!”

Mwanamke mmoja karibu na mlango alianza kulia. Heche aliwatazama watu, akamtazama mkewe, akamtazama Nyangwine aliyekuwa amekaa chini, mdomo umevimba. Hasira haikwenda popote. Iligeuka tu, kama mnyama ndani ya boma, ikitafuta wa kumkanyaga, na kila mtu iliyemfikia alikuwa na sababu yake.

Alitoka. Hakuna aliyemfuata.

Siku nane hawakusemezana mle ndani. Mokami alipika, yeye akala. Homa ilipomwacha alirudi Bomani kwenye baiskeli zake, akakaza minyororo kwa nguvu mpaka mmoja ukakatika. Watu walipita mbali.

Siku ya tisa, mchana, Mokami akiwa shambani, Heche alifunga mlango, akachukua tarumbeta, akaupiga ule wimbo kwa mwendo wa cha-cha-cha. Alitaka kusikia ulivyoharibika. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu alijua kwamba haukuharibika. Ulikaa vizuri. Pale ambapo kwenye wimbo wake alikuwa akisukuma baiskeli, sasa mtoto alikuwa anaruka. Aliitupa tarumbeta kitandani, akatoka kwenda kwa Nyangwine akiwa na hasira kuliko siku ya ghala.

Nyangwine alikuwa akishona kola. Alipomwona alisimama upande wa pili wa cherehani.

“Sikuja kupigana,” Heche alisema. “Nimekuja kukuambia mambo mawili. Uliniapia, ukavunja. Mokami alikulilia, sawa, lakini miguu ulikuwa nayo, na nyumba yangu unaijua. Ungekuja kuniambia. Ulikuja na papai.”

Nyangwine aliinamisha kichwa. “Niliogopa. Nilikuona unavyotetemeka, nikasema, nitamwambia akipona. Halafu watu waliupenda mno, Heche. Nikaona haya kuacha, nikaona haya kusema.”

“Hilo sitakusamehe.”

“Najua. Na la pili?”

Taya la Heche lilicheza. “La pili, umeupiga vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.”

Nyangwine alinyanyua macho, akataka kutabasamu, akaona hapana. “Basi rudi. Twende Musoma pamoja. Bila tarumbeta sisi ni makopo.”

“Nendeni. Upigeni wimbo, muimbeni Robi, mama yake ameruhusu. Mimi mtindo wangu nimeuchagua zamani, na siuchagui tena kwa kura. Gitaa nitalitengeneza, kwa kuwa nimelivunja mimi.”

Akalichukua kutoka ukutani, akaondoka nalo bila kuaga.

Alilitia gundi na vibao kule kwenye duka lake la baiskeli, kazi safi, akalirudisha kwa mkono wa Simoni. Nkende Jazz ilikwenda Musoma mwezi wa tisa ikiwa na watu wanne. Walishika nafasi ya tatu, na habari zilizorudi zilisema kwamba wimbo wa Robi uliombwa mara nne na kwamba wanawake wa mjini walivua viatu.

Mokami aliyasikia hayo kisimani, akamletea mumewe. Alikuwa na ndoo kichwani, akasimama mbele yake bila kuitua.

“Wameshinda?” Heche aliuliza.

“Wa tatu.”

“Tarumbeta ingewapa ya kwanza.”

“Ingewapa,” Mokami alisema. “Kaidi wewe.”

Hakukana. Jioni hiyo alitwaa tarumbeta yake, lakini hakwenda nyuma ya nyumba. Alivuka mashamba ya mihogo, akapanda mpaka kwenye mawe ya mwisho wa Nkende, mahali ambapo sauti ikitoka haifiki jikoni kwa Mokami. Akasimama huko na taya lake limekaza, akapiga bluzi yake polepole, kama alivyofundishwa, akirudia kila alipokosea.