Swichi Sita za Mkwe Wangu

Sikuwa na cheti. Sikuwa na leseni. Sikuwa na fulana yenye nembo ya kampuni wala kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Sikuwa na gari lenye ngazi juu. Kiingereza cha kusema sikuwa nacho, ingawa cha kusoma ninacho, maana nilikisoma jioni kwa miaka minne katika darasa la watu wazima, nikitoka zamu ya kiwandani na mafuta ya mashine kwenye kucha. Meno mawili ya mbele sina pia, na mtu asiye na meno ya mbele akikasirika watu humcheka. Kwa ajili ya upungufu huo wote, fundi Laurean alisimama katika sebule yangu hapa Pangani, Kibaha, akaniambia:

"Mzee wangu, hebu kaa pale upumzike. Kazi hii ina wenyewe."

Sebule yangu! Nyaya za nyumba hii nilizipitisha kwa mikono yangu mwaka 1997, na tangu siku hiyo hazijamrusha hata kuku.

Lakini nieleze kwa utaratibu, nisije nikaonekana mzee anayechukia vitu vipya. Mke wangu, Mwanamkuu, alipasuliwa jicho mwaka jana. Mwanga mkali ulimchoma, na mwanga hafifu ulimfanya ajikwae kwenye kizingiti. Mkwe wetu Zaidi, mume wa binti yetu Tunu, alilifikiria jambo hilo akatuletea swichi sita za kisasa. Ukiipitishia kidole juu, taa inaongezeka, ukishusha, inapungua, na ukitaka unaiamuru kwa simu ukiwa kitandani. Nilifurahi. Niliomba karatasi ya maelekezo, nikaisoma jioni mbili pamoja na kamusi.

Karatasi ilisema jambo moja kwa herufi nzito: swichi hii haifanyi kazi bila nyutro. Msomaji asiyejua umeme anielewe hapa, si jambo gumu. Umeme huja kwa waya mmoja, ambao ni laivu, na hurudi kwa mwingine, ambao ni nyutro. Waya wa tatu, eathi, siku za kawaida hauchukui kitu. Umefungwa kwenye nondo iliyozikwa ardhini, kazi yake ni kungoja ajali. Swichi za zamani zinahitaji laivu peke yake, kwa hiyo sisi tuliofunga nyumba za zamani hatukushusha nyutro ukutani. Iliishia juu darini. Ili kufunga swichi hizi ilikuwa lazima mtu apande dari na kushusha waya mpya sehemu sita. Kazi ya siku mbili, ya jasho na vumbi la popo.

Laurean, fundi aliyeletwa na Zaidi, aliimaliza kabla ya adhuhuri.

"Nyutro umeitoa wapi?" nilimwuliza.

"Ipo, mzee."

"Najua ipo. Ipo darini. Wewe hukupanda dari."

Akacheka, akamtazama Zaidi. "Bosi, baba mkwe yuko vizuri! Angesoma huyu, angekuwa injinia."

"Nimesoma," nikasema.

"Haya mzee, usimaindi. Taa inawaka, haiwaki?"

Ilikuwa inawaka. Zaidi alikuwa amesimama pale, ameshika zawadi yake kwa moyo mweupe, na kwetu mkwe haaibishwi mbele ya watu. Ukimpa binti yako mume, umejifunga mdomo pia. Neno lako kwake linapitia kwa mshenga. Basi nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na ninaliandika kwanza kabla sijaandika ya wengine.

Wiki tatu tulistarehe. Mwanamkuu alikuwa anashusha mwanga wa chumbani mpaka uwe kama wa koroboi, anacheka. "Baba Tunu, siku hizi mimi ni malkia. Jua langu lina usukani."

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa anadeki jikoni, peku, sakafu imelowa. Nikasikia ndoo inaanguka, kisha yeye. Nilimkuta chini, mkono umekunjwa kifuani, midomo imekauka.

"Nani amekusukuma?"

"Jokofu," akasema. "Limenipiga kofi." Hata katika hali ile alitaka kunichekesha. Kiwiko kilikuwa kimeanza kuvimba.

Nilichukua bisibisi yangu ya testa, ile inayowaka ikigusa umeme, nikaigusisha kwenye mlango wa jokofu. Ikawaka nyekundu. Nikagusa bomba la sinki, bomba la chuma. Ikawaka.

Nilizima swichi kuu, nikafungua swichi ya kwanza ya mkwe wangu. Laurean alikuwa amechukua waya wa eathi akaufanya nyutro. Zote sita. Umeme uliotakiwa kurudi kwa njia yake ulikuwa unamwagwa kwenye nondo ya ardhini, na mchanga wetu wa Pangani mwezi Septemba umekauka kama unga, haumezi kitu. Usipomezwa, unapanda kwenye kila chuma kilichounganishwa na eathi. Jokofu, pasi, bomba.

Nikajiuliza, mbona breka ya usalama haikukata? Ile ni breka inayojikata yenyewe umeme unapovuja, niliifunga kwa sababu ya siku kama hiyo. Nikafungua boksi. Breka ilikuwa imejaribu. Bila shaka ilikata, ikakata tena, na Laurean akachoka nayo. Alikuwa ameiruka kwa kipande cha waya, umeme unapita pembeni. Mlinzi amepiga kelele za mwizi, naye akafungwa mdomo! Na mtu aliyefanya hivyo ana leseni, ana nembo kifuani, ana ngazi juu ya gari.

Nikazing'oa zote sita. Nikarudisha swichi zangu za zamani na breka nikaiunga inavyotakiwa. Testa ikatulia. Hapo ndipo nilipokumbuka Kisarawe.

Laurean alifunga swichi hizohizo nyumbani kwa Zaidi na Tunu, Kisarawe, mwezi mmoja kabla ya zetu. Mjukuu wangu Salama ana miezi kumi na moja. Anajifunza kusimama, na kitu anachoshika kusimamia ni mlango wa jokofu, kwa kuwa mama yake amebandika hapo picha za wanyama.

Nikampigia Tunu. "Zima swichi kuu. Sasa hivi."

"Baba, kuna nini? Ngoja nimwulize Zaidi." Akapotea dakika kumi, akarudi. "Zaidi amempigia fundi. Anasema jokofu lenu ni kuukuu, ndilo linalovuja. La kwetu ni jipya. Halafu nikizima nyama itaharibika, baba."

"Nyama!"

"Baba, usinifokee. Na mimi niko katikati."

Nikampigia mshenga, Mzee Maulidi wa Mlandizi. Nikamweleza yote. Akashusha pumzi ndefu. "Jambo zito hili, Isihaka. Nitakwenda kesho baada ya swala ya Ijumaa. Tutazungumza na kijana taratibu."

"Umeme haungoji Ijumaa."

"Mkwe ni mkwe. Usiende wewe. Utavunja ndoa ya mtoto."

Nilivaa viatu. Mwanamkuu, mkono umefungwa kanga, akaniambia neno moja tu: "Nenda." Bodaboda mbili na basi moja, nikafika Kisarawe alasiri.

Zaidi alikuwa nyumbani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Karibu ukae, baba, Tunu anakuletea..."

Sikukaa. Nilipita moja kwa moja jikoni. Baba mkwe kuingia jikoni kwa mkwe wake ni jambo ambalo kwa wazee wangu lingetafutiwa mbuzi wa kuliosha. Tunu alijifunika mdomo kwa mkono. Nikatoa testa, nikagusa jokofu jipya, lile lisilo kuukuu, lenye picha za twiga na tembo. Taa ya testa ikawaka nyekundu mchana kweupe.

"Hiyo ni bisibisi tu, baba," Zaidi akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Haya. Vua viatu."

"Baba?"

"Vua viatu, lowesha miguu, ushike mlango huo. Fundi wako ana leseni. Unaogopa nini?"

Hakuvua. Alisimama anautazama mlango ambao mwanawe huushika kila siku kwa viganja vyenye mate. Nikamsubiri. Nilitaka asimame hapo muda mrefu, Mungu anisamehe. Tunu hakungoja. Alikwenda kwenye boksi, akashusha swichi kuu kwa kishindo, kisha akaegemea ukuta akalia.

"Nyama ioze," alisema. "Ioze yote."

Zaidi akampigia Laurean, akaiweka simu ituletee sauti sote. Nilidhani ataomba radhi. Alianza kwa ukali.

"Nani kafungua kazi yangu? Huyo mzee? Ana leseni?"

"Umeweka nyutro kwenye eathi," nikasema. "Umeifunga mdomo breka."

"Mzee wangu, nimefunga swichi hizi nyumba thelathini na moja, Kibaha mpaka Kisarawe. Umesikia msiba? Kila fundi anafanya hivyo, nyumba zenu za zamani hazina waya. Hata hivyo, nyumba yako ya Pangani nani alifunga umeme? Wewe, kishoka! Peleka malalamiko tuone. Wakija kunikagua mimi, nitawapeleka kwako pia, na kwenye kila nyumba uliyogusa."

Akakata.

Kishoka. Kwetu hilo ni jina la fundi wa vichochoroni, asiye na ruhusa, anayeunga umeme wa watu kiholela. Mimi miaka yote nimewatukana vishoka. Na kwa sheria, Laurean alisema kweli. Nilifanya kazi ya umeme kiwandani chini ya fundi mkuu, na nikasoma jioni kila kitabu nilichopata, lakini mtihani wa leseni sikuwahi kuufanya. Nimefunga umeme nyumba tisa hapa Pangani na moja ya ndugu yangu kule Chole. Watu wananiita fundi. Msikitini wananiita fundi. Jina hilo ndilo mali niliyo nayo.

Zaidi alizima simu. "Baba, nimekosa. Nisamehe. Kesho namleta fundi mwingine, anang'oa zote. Lakini... yaishe hapa. Sisi tumepona. Ukiandika, watakuandama wewe."

"Sisi tumepona," nikasema. "Thelathini na moja, toa mbili."

Ishirini na tisa. Kwenye kila moja kuna mtu anadeki peku. Kijana huyu ni mwema, nampenda, lakini wema unaoishia kwenye ua wa mtu hautoshi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia na mengine ambayo mshenga alikuja kuniomba niyaombee radhi, na radhi nikaomba, kwa maneno yale, si kwa safari ile.

Ijumaa baada ya swala nilikaa mezani nikaandika kwa ofisi inayotoa leseni za mafundi. Rasimu tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi, nikaichana. Ya pili ilikuwa safi. Nilichora jinsi waya ulivyotakiwa na jinsi ulivyowekwa, nikataja jina la fundi, tarehe, breka iliyorukwa, nyumba thelathini na moja kwa kauli yake mwenyewe. Mwanamkuu aliomba nimsomee. Alisikiliza akiwa amefumba lile jicho lake.

"Na zako?" akauliza.

"Zangu zipi?"

"Isihaka." Huniita kwa jina mara chache sana. "Akiwaambia yeye kwanza, barua yako itakuwa fitina ya wagombanao. Wataitupa."

Nilikasirika. Nilimwambia kazi zangu hazijamdhuru mtu. Nilimwambia kuna tofauti kati ya asiye na karatasi na asiye na roho. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikaitazama nondo ya eathi niliyoizika mwenyewe, nikarudi bado nimekasirika, nikaandika rasimu ya tatu.

Nikaongeza aya hii: "Mimi mwenyewe, Isihaka Said, mkazi wa Pangani, nimefunga umeme katika nyumba kumi bila leseni. Orodha yake nimeiambatanisha. Naomba nazo zikaguliwe. Nikikutwa na kosa, nichukuliwe hatua. Lakini anzeni na zile ishirini na tisa, kwa sababu huko watu wanashika majokofu leo."

Orodha ya nyumba kumi iliniuma kuliko aya. Kila jina nililoliandika ni la mtu aliyenilisha siku ya kazi. Kabla ya magharibi nilimpitia kila jirani, mmoja mmoja, nikamwambia habari hiyo asije akaisikia kwa mwingine. Mwamvita, mjane wa nyumba ya pili, alinijia juu. "Yaani unatuletea wakaguzi watukatie umeme, kwa ugomvi wako na mtu wa gari?" Nikamjibu wakikuta pabovu kwake, nitapalipa kwa jasho langu chini ya fundi mwenye leseni. Akafunga mlango. Hajanisalimia tangu hapo.

Jumatatu asubuhi nilikwenda posta ya Kibaha. Binti wa dirishani, Adventina kwa mujibu wa kibao chake, alinipa bahasha ya kaki na kunitazama kwa huruma.

"Shikamoo, babu. Siku hizi malalamiko wanatuma kwa barua pepe, unajua? Bure kabisa."

"Marahaba. Barua pepe mtu anasema hakuiona. Nataka hii aipokee kwa kutia sahihi."

"Basi ni ya rejista."

"Ya rejista."

Nikahesabu kurasa: mbili za barua, mmoja wa mchoro, mmoja wa orodha. Nikazikunja mara moja tu ili mchoro usiharibike. Nikapaka gundi ukingo mzima, nikaubana kwa kiganja mpaka ukashika, kisha nikaandika jina langu kamili nyuma ya bahasha. Adventina akaipima, akagonga muhuri mara mbili, akaitumbukiza kwenye mfuko wa Dar.