Zimwi Lililochagua Wenye Viatu

Mhariri alisoma muswada mpaka ukurasa wa kumi na moja, kalamu sikioni, chai ikipoa pembeni, kisha akasimama.

"Dada, hebu nielimishe. Hili zimwi lako, mbona linakula wenye viatu tu?"

Aliyeulizwa alikuwa karani wa masjala ya hospitali. Miaka kumi na miwili alikuwa akipanga mafaili ya wagonjwa, na miaka mitatu kati ya hiyo alikuwa akiandika riwaya saa ya chakula, nyuma ya fomu zilizokwisha kazi. Riwaya yenyewe ilikuwa ya vijana. Binti wa miaka kumi na minne anachunguza kwa nini watu wa mtaa wao wanapotea karibu na tangi bovu la kiwanda cha nguo. Wa kwanza kupotea, sura ya kwanza kabisa, ni mwanamke mwizi aliyeficha nyuzi ndani ya viatu vyake.

"Ndivyo nilivyosimuliwa na shangazi yangu," alisema Karani. "Kwetu kila mtoto alijua. Ukipita kwenye tangi, vua viatu. Zimwi haligusi mguu mtupu."

"Na waliomezwa hawatoki?"

"Hawatoki."

"Ajabu. Mazimwi yote niliyosimuliwa mimi, ukilikata kidole cha mwisho watu wanatoka wazima, na mbuzi wao. La kwenu lina roho mbaya." Akaandika kitu pembeni. "Nataka ukurasa mmoja wa mwisho, useme hadithi ilitoka wapi. Walimu wanaupenda. Niletee Alhamisi. Jumatatu kitabu kinaingia mtamboni, na kikikosa Jumatatu, orodha ya vitabu vya shule imefungwa. Tutaonana mwakani."

Karani alishuka ngazi akijiuliza. Mtu wa masjala, faili likipungua karatasi moja, hatulii. Tangu utotoni alikuwa akivua viatu kwenye tangi lile, na hata siku moja hakuuliza kwa nini. Kuna mtu aliyetia viatu kwenye hadithi. Nani? Na alivitia kwa shida gani?

Kesho yake akaenda kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, aliyefanya kazi kiwandani pale tangu usichana mpaka mgongo ulipokataa. Alimkuta ameketi dirishani, anashona shuka iliyochanika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au kunihoji? Hiyo kalamu mkononi si ya salamu."

"Nimekuja kuuliza habari za zimwi."

"Mtu mzima na meno yako yote, unauliza habari za zimwi!"

"Kwa nini linakula wenye viatu, shangazi?"

Shangazi alivuta uzi, akaukata kwa meno. Alionekana kufurahi, kama mtu aliyengoja swali lile miaka mingi mpaka akakata tamaa.

"Zimwi tulilikuta," alisema. "Ni la bibi zetu. Viatu ndivyo vyetu. Tuliviongeza sisi."

Akaeleza. Pale langoni palikuwa na rafu ndefu. Kila mwanamke, kabla ya kuingia, aliacha viatu rafuni, eti asije akaficha nyuzi ndani yake. Wanaume, waliofanya kazi mabanda mengine, walipapaswa mifuko tu, basi. Wanawake mia mbili waliingia peku kwenye chumba cha rangi, ambako maji ya moto yalimwagika sakafuni kutwa, alfajiri hadi jioni. Waliungua nyayo, wakapaka mafuta, wakarudi kesho yake. Kiwanda hicho leo kimekuwa ofisi za kupangisha, na ukutani kuna bango linalomshukuru mwanzilishi, pamoja na picha yake anacheka. Wenye nyayo zile hawana bango.

"Sasa fikiri mwenyewe," alisema shangazi. "Chumbani mle, mwenye viatu alikuwa nani?"

Karani aliinua kichwa. "Nyapara."

"Nyapara na meneja. Basi."

Nyuma ya tangi palikuwa na kona kavu. Hapo wanawake walikutana dakika chache za mapumziko wakapanga namna ya kudai saa zao na miguu yao. Manyapara walianza kunusa. Ndipo wanawake walipolileta zimwi. Walisimuliana kwa sauti, makusudi, nyapara akiwa karibu: tangi lile lina mwenyewe, na mwenyewe husikia hatua za viatu.

"Wakaamini?"

"Nyapara mkuu, lile jitu na masharubu yake! Kutwa anatufokea, lakini akifika kona ya tangi anakohoa kwanza, kama anapiga hodi kwa wakwe."

Walicheka wote wawili. Karani aliandika mbio mbio. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umepatikana, tena mtamu kuliko alivyoomba mhariri.

"Na yule mwizi?" aliuliza, bado anaandika. "Wa kwanza kumezwa?"

Sindano ilisimama.

"Mwizi gani?"

Karani akamsomea sura ya kwanza. Aliposhusha karatasi, shangazi alikuwa ameikunja shuka magotini kana kwamba anaondoka.

"Nani kakwambia mwizi?"

"Si hadithi yenyewe, shangazi? Mtaa mzima..."

"Mtaa mzima! Mimi nilikwambiaje?"

Karani akachimbua kumbukumbu. Shangazi alimwambia maneno machache tu: aliingia na viatu, hakutoka. Habari ya nyuzi aliokota njiani, kwa watoto wenzake, nao waliiokota kwa wakubwa.

"Tulimwita Kengele," alisema shangazi. "Akipaza sauti, ile kengele ya kiwanda inaona haya. Tulikubaliana siku moja tusivue. Tuingie na viatu vyetu kama watu. Akaingia. Kabla ya adhuhuri walimpakia kwenye gari la meneja, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Alasiri manyapara wanapita wanasema zimwi limemla, na viatuni mlikutwa nyuzi. Wao hao! Walilichukua zimwi letu wakalivisha sare yao."

"Hamkusema kitu?"

"Tuseme nini? Tuseme zimwi hakuna? Wangejua tuliwadanganya, na kona yetu wangeifukua siku ile ile. Tukameza."

"Mlikubaliana wangapi?"

"Saba."

"Na wale sita?"

"Walivua," alisema shangazi, akafungua shuka akashona tena.

Alhamisi mhariri alisikiliza habari nzima, akasahau chai.

"Hii ndiyo ya ukurasa wa mwisho!" alisema. "Watalia."

"Sura ya kwanza ibadilike."

"Haibadiliki. Ukimtoa mwizi, fumbo zima linaporomoka. Dada, leo Alhamisi! Weka ukweli mwishoni, utakuwa umetenda haki."

"Wewe ulipokuwa mtoto ulisoma ukurasa wa mwisho?"

Mhariri alijikuna. "Hapana."

"Basi nimwite mwizi mbele ya shule nzima, halafu nimwombe radhi kichochoroni, karibu na anwani ya mpiga chapa? Maneno yale waliyatunga wenye gari. Mimi nimewabebea miaka yote hii bure, bila kuajiriwa."

"Utakosa orodha."

"Nitakosa."

Akazoa karatasi zake. Alizipanga polepole, maana miaka mitatu ya saa za chakula si mchezo, na kwamba mwakani kitachapwa, hakuna aliyemwahidi. Alikuwa amefika ngazi ya pili mhariri alipomwita kutoka juu.

"Dada! Kama si mwizi, binti yako atachunguza nini?"

Karani alisimama, karatasi kifuani. Jibu lilikuja lenyewe, na lilimtisha.

"Wale sita," alisema. "Walikuwa nani."

Jumamosi asubuhi alirudi kwa shangazi. Alikaa muda, akasifu shuka, akauliza hali ya mgongo.

"Sema," alisema shangazi. "Unazunguka kama nyapara."

"Kitabu nakiandika upya. Binti atawatafuta waliovua." Akashusha sauti. "Lakini naweza kubadili, shangazi. Wawe watatu. Wawe watu wa mbali, mtu asiwadhanie."

"Walikuwa sita. Andika sita."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja. Shangazi alingoja ufagio umalize.

"Mimi nilikuwa wa pili, nyuma yake," alisema. "Nilikuwa namwona kisogo. Alipita, na nyapara akamwacha apite, hakumgusa. Akanitazama mimi miguu. Hakunena neno, mwanangu. Angenitukana ningepita. Alinitazama tu, nikainama nikafungua kamba. Walionifuata waliona nimeinama, nao wakainama."

Karani alitaka kumshika mkono. Mkono ulikuwa na sindano.

"Huyo binti wa kitabuni," shangazi aliuliza, "ana akili?"

"Anauliza sana."

"Basi usimzungushe kwa watu wengine mpaka kitabu kiishe. Mlete kwangu mapema, sura ya tatu, ya nne. Akiniuliza nitamjibu yote, na la kuinama pia." Akashona mishono miwili, akasita. "Ila aulize yeye. Mimi mwenyewe sianzi."