Pua ya Shangazi

Katika ukoo wetu hakuna anayeoa wala kuolewa mpaka shangazi amnuse mchumba. Nasema amnuse, wala sitanii. Familia nyingine huuliza kijana anafanya kazi gani, ametoka kwa nani, anakunywa au hanywi. Sisi humkalisha kitini, tukamkunja mkono wa shati, na shangazi akamshika kifundo cha mkono na kufumba macho. Akisema ndiyo, ndiyo. Akisema hapana, baba yangu, ambaye ni mdogo wake na ni bendera ifuatayo upepo, husema hapana kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Watu humwita Pua, akiwa hayupo. Ana duka la marashi na mimi ni msaidizi wake, kwa hiyo mahubiri yake nimeyasikia mpaka nayaota. Mteja akiingia, shangazi huitazama chupa, humdondoshea tone moja mkononi, na mteja akithubutu kusugua hupigwa kikofi. "Marashi hayasuguliwi! Unayaua!" Kisha anaanza. Haya yanaingia na ndimu, lakini usiiamini, ndimu ni mgeni wa mlangoni, haikai. Subiri yasmini. Yasmini ikichoka itakuachia miski, na miski ndiyo utakayolala nayo. Mteja ananusa, hasikii yasmini wala nduguye yasmini, lakini anatikisa kichwa kukubali, maana nani anataka kuonekana ana pua ya kijinga? Ananunua.

Mimi siamini hata nusu ya maneno hayo. Harufu za duka letu nazijua kwa namna yangu. Ile chupa nyeusi wanayoipenda mabosi inanukia kiti kipya cha gari, na ikifika mchana inanukia kiti kilichokaliwa. Ile ya waridi, kipenzi cha mama wakwe, inaanza kwa adabu, halafu inang'ang'ania shingoni mpaka uchoke nayo. Ile ya vanila ni tamu kupita kiasi. Mteja mmoja alirudi kulalamika kwamba nzi wanamfuata mpaka ofisini, shangazi akamjibu kwamba nzi wana akili. Na ipo moja ya bei mbaya ambayo kwangu ina harufu ya shuka safi kwa muda mfupi sana, kisha haina kitu kabisa. Hiyo ndiyo inayosifiwa kuliko zote.

Basi katika watu wote, mimi nikaenda nikampenda fundi wa kuchomelea vyuma. Wenzake humwita Cheche, kwa sababu hana shati lisilo na vitundu vya moto. Nilimpenda kwelikweli, sina haja ya kuzungukazunguka. Siku ya kumleta nyumbani ilipokaribia nikaanza kukosa usingizi. Shangazi akimkataa, baba hataniozesha, na mimi si mtu wa kutoroka na sanduku.

Siku moja shangazi alipotoka kwenda kula, nilimwingiza Cheche dukani kimyakimya, nikamkalisha kwenye stuli, nikaanza kumjaribu chupa baada ya chupa. Ngozi ya mtu yule ni moto. Ndimu ilikufa kabla sijafunga kifuniko. Waridi likageuka siki. Miski, ile ya kulala nayo, juu yake ikawa blanketi lililoloa. Udi nao, udi wa bei ile, ulikutana na moshi wa vyuma uliomwingia tangu ujana, vikagombana kama wake wenza. Nikatafuta harufu yake mwenyewe chini ya vurugu zile, nikaikosa, nikapandwa na hasira.

"Haya, kaoge," nikamwambia. "Na siku hiyo uje na sabuni ya kufulia tu."

"Bila kupaka chochote? Kwa shangazi yako?"

"Bila chochote. Bora akukatae wewe kuliko akatae chupa."

Alikuja hivyo hivyo. Shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, kucha zimekwanguliwa, na nilipomkaribisha nikainama kidogo kuhakikisha. Maji na sabuni, basi. Sebuleni walikuwepo baba, baba mkubwa, na mjomba ambaye mafua yake hayajawahi kupona. Shangazi alikaa mbele ya Cheche, akamshika mkono, akafumba macho. Baba akaacha kutafuna.

"Udi," shangazi akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Udi mzito. Chini yake ngozi, ngozi ya viatu vipya. Na karafuu kwa mbali."

"Kwa mbali kabisa," baba mkubwa akaitikia.

"Mimi hiyo karafuu nimeisikia tangu yuko mlangoni," akasema mjomba, kisha akapenga kamasi. Baba akasema kwamba kwa kweli udi huo umeanza kumuumiza kichwa.

Shangazi akafumbua macho. "Kijana anayejimwagia udi namna hii ana jambo analificha. Hapana."

"Hapana!" akasema baba.

Nimekataliwa mume kwa sababu ya udi usiokuwepo! Nikamtazama Cheche. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: shangazi, sijapaka kitu. Alifungua mdomo. Kisha akautazama mkono wa shangazi, ambao ulikuwa bado umemshika na ulikuwa ukitetemeka, akaufunga mdomo, akaufungua tena.

"Ni kweli, shangazi," akasema. "Nilizidisha. Unisamehe."

Nilitaka kumrushia sinia zima la vikombe. Shangazi alipoinuka kwenda jikoni kunywa maji, nikamfuata.

"Shangazi, Cheche hajapaka kitu."

"Si amekiri mwenyewe?"

"Amekiri ili usiaibike mbele za watu. Ana sabuni tu mwilini. Nenda ukamnuse tena!"

Alimimina maji, akayaangalia tu ndani ya glasi.

"Tangu ile homa iliyonilaza kitandani," akasema hatimaye, "sisikii harufu yoyote. Nasoma chupa na kukumbuka. Hata kama nyumba inaungua, mimi nitangoja kuona moto." Akashusha pumzi. "Nikisema pua imekufa, nitabaki kuwa nani?"

Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nayo bado, vyote kwa pamoja. "Rudi ukawaambie."

"Siwezi, mwanangu."

"Basi mimi siolewi. Na wewe ndiye umenizuia."

Akayanywa maji yote kwa mkupuo mmoja, akarudi sebuleni. Akakaa, akamshika Cheche mkono tena, akanusa kwa muda mrefu.

"Kumbe udi umeshatulia," akasema.

"Umetulia kabisa!" akasema baba mkubwa.

"Mimi sasa nasikia unyenyekevu," akasema mjomba.

Nikaona anajiokoa kwa uongo wa pili, na niseme ukweli, nilikuwa tayari kuupokea kwa mikono miwili. Mimi si malaika. Lakini shangazi aliwatazama wanaume wale mmoja mmoja, na uso ukambadilika. Akaunyoosha mkono wake mwenyewe mbele ya pua ya Cheche.

"Na mimi? Nanukiaje leo?"

"Unanukia vizuri sana, dada," akasema baba.

"Sijakuuliza wewe."

Cheche akanitazama. Sikuwa na msaada wowote wa kumpa. Akainama, akanusa.

"Marashi yako ni makali sana, shangazi," akasema taratibu. "Macho yananiwasha tangu uliponikaribia. Nadhani umechanganya mengi, na hayapatani."

Na ilikuwa kweli tupu. Tangu ile homa shangazi alikuwa akijimwagia bila kipimo, wateja wakawa wanarudi nyuma hatua moja anapowasogelea, na sisi tukawa tunafungua madirisha tukisingizia joto. Hakuna ndugu aliyemwambia, wala mimi ninayekaa naye kutwa nzima.

Shangazi hakuuachia mkono wa Cheche.

"Huyu hana udi," akawaambia. "Hana kitu. Mimi sisikii harufu yoyote tangu niugue, na ninyi mnasikia karafuu."

Mjomba akatafuta leso yake.

"Siku zote hizi natembea hivi mitaani," akaendelea, na sauti ikaanza kumkatika, "na nikiwauliza mnasema nanukia vizuri."

"Dada, tulikuheshimu," akasema baba.

"Mliniogopa." Akamgeukia Cheche. "Na wewe mwanangu, ulikuwa radhi kumkosa mke ili mimi nisichekwe?"

Cheche akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeanza kulia, na wala sikujificha.

Baba, alipoona upepo umegeuka, akajikohoza na kufungua mdomo ili aseme ndiyo.

"Wewe nyamaza," shangazi akamwambia, huku machozi yakimtiririka. "Leo anayesema ndiyo ni mimi."