Meza ya Wakimya

Tulikaa wanne tukitazamana kama wagonjwa kwenye foleni ya hospitali. Darasa zima lilikuwa halina mbavu kwa kicheko, maana mwalimu wa hesabu alikuwa ametukusanya wakimya wote meza moja, kando ya dirisha.

"Leo tutasikia mengi!" mmoja akadakia, vicheko vikaanza upya.

Ukinikuta leo utadhani natunga, kwani naongea mpaka mume wangu ananiombea usingizi. Lakini mwaka ule waliniita Mtungi, kwa vile nilikuwa kimya kama maji mtungini. Majibu nilikuwa nayo, ila kila kundi nililowekwa lilikuwa na msemaji wake. Mimi nanong'ona, yeye anasimama, sifa anabeba. Mwalimu alikuwa ameshamwambia mama wazi: nisipofungua mdomo nikajieleza, nitarudia darasa. Kurudia maana yake ni kukaa chumba kimoja na mdogo wangu, yule kasuku wa nyumbani.

Mwalimu akagawa karatasi tukunje, tuone ipi kubwa: robo tatu au theluthi mbili. Mezani kwetu mtoto wa seremala akavuta karatasi, akakunja kwa pupa, kisha akashika kalamu na kuanza kuandika kwamba theluthi mbili ndiyo kubwa. Nikawatazama wenzangu, wote macho chini. Hapakuwa na msemaji wa kumnong'oneza, jamani! Na jibu lile lilikuwa letu sote.

"Wee, acha! Unatutia aibu!"

Niligeuka kumtafuta aliyesema. Kumbe ni mimi.

"Aibu gani?" mtoto wa seremala akawaka. "Nionyeshe basi!"

Nikamwonyesha. Akabisha. Msichana wa miwani akaingilia, wa nne naye akagonga meza, tukabishana mpaka mwalimu akaja. Nilidhani anakuja kutunyamazisha, lakini alisimama tu, mikono nyuma, akitusikiliza. Raha niliyoipata siku ile sijaisahau.

Mwisho wa muhula mama aliitwa shuleni. Alikuja amejiandaa kwa mabaya, mkono wangu kaushika kwa nguvu.

"Anapita," mwalimu akasema. "Ila mama, huyu binti yako ana kelele!"

Mama akajikalisha taratibu kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Hebu rudia hapo pa kelele."