Baraza Mbele ya Ghala

Kijiji chenyewe sikitaji. Kipo upande wa Bisibo, wilaya ya Biharamulo, na baadhi ya watu wake bado wako hai. Hawana haja ya kukuta jina la kijiji chao katika habari ya aibu yangu. Mimi naitwa Xavery, mwenyeji wa Bukiriro kule Ngara, na wakati ule nilikuwa mchora ramani za majengo ya vijiji. Ghala lile nililichora mimi.

Ilikuwa mwaka 1977. Watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini, njaa ya miaka michache nyuma haijasahaulika, na kijiji kilitaka ghala moja la akiba ya wote, la matofali ya kuchoma na mabati. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilikuwa na rula ya chuma niliyotembea nayo mfukoni hata nikienda kanisani. Majivuno niliyokuwa nayo yangetosha wilaya nzima. Mama yangu alihifadhi mtama wake katika kihenge cha fito na udongo, kilichoinuliwa juu ya mawe, nami, nakiri, nilikionea haya kihenge kile. Niliapa ghala langu halitafanana nacho hata kidogo.

Hata hivyo ramani ya kwanza ilikuwa sahihi. Sakafu niliiinua futi mbili kutoka ardhini ili hewa ipite chini yake, kama tulivyofundishwa. Niliipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Laurian. Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa mgeni rasmi akija kufungua, atasimama wapi?"

Swali likaniingia. Saruji ilikuwa ya kupimiwa. Haikutosha kuinua sakafu na kujenga mahali pa wageni. Nikachukua raba, nikaishusha sakafu mpaka chini, na saruji iliyobaki nikaifanyia baraza pana mbele, lenye nguzo nne za mviringo, linalotazama barabara. Nilikuwa sijawahi kupata kazi ya kuchora nguzo za mviringo. Nilizipenda kupita kiasi.

Siku ya kuchimba msingi wanawake walikuwa wakisomba mawe. Mmoja wao, Kwandu, mjane wa Kisukuma aliyekuja na marehemu mumewe kutoka Shinyanga, alitua jiwe lake akanifuata. Alikuwa rika la mama yangu. Nilimpa shikamoo huku nikiendelea kutazama karatasi yangu.

"Marahaba, Bwana Lamani," akasema. "Hapa mvua ikinyesha, maji yanatoka kule juu yanapita hapa hapa. Mahindi utayalaza chini?"

"Mama, hii ni saruji."

"Sisi kwetu tunaweka juu ya mawe."

"Kwenu mnajenga vihenge. Hili ni ghala."

Vijana waliokuwa na majembe wakacheka, nami nikacheka nao. Kwa muda wote wa ujenzi waliniita Bwana Lamani, wakimwigiza ulimi wake. Yeye siku ile alirudi kwa wenzake, wakamtwika jiwe jingine, akaendelea na kazi.

Ghala lilifunguliwa kwa ngoma. Mgeni rasmi alisimama barazani, akalisifu, akaniuliza jina langu na kulitaja mbele ya watu. Kijiji kikamchagua Kwandu awe mtunza ghala, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshika katika uongo wala udokozi.

Mavuno ya mwaka uliofuata yalikuwa mazuri, ghala likajaa mpaka karibu na dari. Mwezi wa kumi vita ikaingia Kagera. Mtoto wa pekee wa Kwandu, Ndassa, alikuwa mgambo; aliondoka na kundi la kwanza. Desemba kila kijiji kikatakiwa kutoa chakula kwa ajili ya wanajeshi. Lori likaja, watu wakakusanyika, mlango ukafunguliwa. Magunia ya juu yalikuwa salama. Ya chini yalipasuka mikononi mwa wapakiaji, mahindi yameota na kushikana, na harufu yake ikawatoa watu nje. Wakati wa vita hakuna anayesema bahati mbaya. Walisema hujuma.

Mimi nilikuwa nimekuja na lori lile, nikaitwa kukagua jengo. Niliingia peke yangu, nikasogeza gunia la pembeni, nikaweka kiganja sakafuni. Kililowa. Sikuhitaji kupima kitu kingine chochote. Nilijifuta mkono kwenye suruali, nikalirudisha gunia mahali pake, nikatoka.

Mkutano ulifanyika siku hiyo hiyo. Kwandu aliulizwa kwa nini asubuhi nyingi alionekana ameacha mlango wa ghala wazi.

"Jua likitoka nilikuwa nafungua," alisema. "Ndani kulikuwa na joto. Nilitaka mahindi yapate hewa."

Alikuwa amefanya jambo pekee la akili lililowezekana katika jengo lile. Kama si yeye, hata magunia ya juu yasingepona. Mzee Laurian akanigeukia. "Mtaalamu anasemaje?"

Nilijua kwamba neno langu ndilo litakalomwokoa au kumzamisha. Niliwatazama watu wote wale, wengine watoto wao wako vitani, nikaogopa. Niliona kazi yangu ikipotea, na mimi mwenyewe nikipakiwa kwenye gari la polisi. Nikasema, "Jengo liko sawa. Unyevu umeingia kwa kuacha mlango wazi."

Kwandu aliniangalia. Nilitarajia apige kelele, anikumbushe maneno yake ya siku ya msingi, lakini hakufanya hivyo. Sauti ya mwanamume mmoja ikatoka nyuma: "Mwanao yuko vitani, na wewe unamwozeshea chakula." Hapo ndipo alipokaa chini.

Walimnyang'anya funguo. Wakaamua mahindi mabovu ayatoe yeye, ayapeleke shimoni, na mtu yeyote asimtwike. Asiyekulia vijijini kwetu hataona uzito wa adhabu hiyo. Kwetu mwanamke hainui mzigo wa kichwani peke yake. Hata mgombane vipi, ukimkuta ameinama na mzigo wake, unasimama, unashika upande mmoja, unamtwika, ndipo unaendelea na ugomvi wako. Kwandu alipiga magoti, akajaribu kuliviringisha gunia mpaka begani, likamshinda. Akatafuta debe, akawa anachota kidogo kidogo. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake. Lori lilipopiga honi nilipanda, na nasikia kazi ile ilimchukua siku nne.

Vita ilipokwisha, katikati ya 1979, usingizi wangu ulikuwa umeharibika kabisa. Nilirudi kijijini nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Laurian, nikamwambia kosa lilikuwa langu, sakafu iko chini mno, na Kwandu hana hatia.

Alinisikiliza huku akimenya ndizi. "Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Lakini ukilifungua jambo hili sasa, watu wataniuliza mimi baraza lile alilitaka nani. Mambo yameshapoa, mwanangu. Yaache."

Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Kweli ni kwamba nilijisikia mwepesi, kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Nilimshukuru. Aibu ya siku ile naiona kubwa kuliko ya mkutanoni, maana mkutanoni angalau niliogopa.

Nilipokuwa naelekea barabarani, Kwandu aliniita kutoka uani kwake. Nilikwenda kwa sababu sikupata njia ya kukwepa. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda.

"Ndassa mzima," alisema. "Amebaki Uganda na wenzake. Lakini ameandika kwa baba yake mdogo kwamba hatarudi kwangu. Kuna mtu alimpelekea habari ya mahindi. Mimi siombi watu wa hapa wanirudie. Nataka mwanangu ajue tu. Wewe unajua kuandika. Mwandikie jinsi ilivyokuwa, uweke na jina lako, ataamini."

Alikuwa na karatasi na bahasha tayari, na kalamu ya kuazima. Hakuwa na ghadhabu hata kidogo. Nilianza kuandika. Habari za nyumbani, salamu, afya ya mama yake. Nikaandika kwamba mama yake hakuozesha chakula cha mtu, kwamba alilitunza ghala vizuri kuliko lilivyostahili, kwamba kulikuwa na kosa katika ujenzi. Nikafika mahali pa kusema kosa la nani. Kalamu ikasimama.

Nilifikiria barua ile ikisomwa kambini mbele ya askari, ikipita mikononi mwao, ikirudi siku moja wilayani na Ndassa mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa ni herufi za kusimama, moja moja, ambazo mtu yeyote aliyepita kisomo cha watu wazima, kama Kwandu, angezisoma. Barua ile niliiandika kwa mwandiko wa kuunganisha. Aliponipa karatasi alikuwa amenieleza mwenyewe kwamba mwandiko wa namna hiyo unamshinda.

Nikaandika: fundi mmoja alikosea. Chini nikaandika: ni mimi ninayewatakia mema.

"Nisomee," akasema.

Nilimsomea yote, polepole. Nilipofika pale nikasoma, "Aliyekosea ni mimi, Xavery, mchora ramani." Na mwisho nikasoma jina langu tena, ambalo halikuwamo.

Aliichukua barua kwa mikono miwili, akaibusu, akaitia katika bahasha. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke." Nilipotaka kuondoka alikataa, akasema siwezi kutoka kwake na njaa. Akaninawisha mikono, akaweka ugali na mlenda mbele yangu, nami nikala mpaka sahani ikaisha.