Kelele za Mende

Nina duka la vipuri vya simu hapa Tunduma, si mbali na mpaka, na nyuma ya duka kuna kompyuta ambayo mteja haruhusiwi hata kuiegemea. Ile ni ya gemu. Gemu lenyewe lina jina refu la Kizungu. Sisi tuliliita Mende, kwa sababu hakuna kingine humo. Mnashushwa kwenye sayari ya mbali mkiwa na bunduki, na mende wakubwa kama ng'ombe wanatoka ardhini kuja kuwala. Mnapigana pamoja. Risasi yako inaweza kumuua mwenzako, na chombo cha kuwarudisha hakiruki mpaka kila aliye hai apande.

Lilipotoka, watu mtandaoni walilitukana sana. Gumu, wakasema, linachosha, mwenzako mjinga anakuharibia kazi. Aliko, fundi kompyuta wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, alisema wanaolitukana ni wale waliozoea kucheza peke yao. Sisi tulilipenda. Tulikuwa watatu: mimi Jenista, huyo Aliko, na Brayan, mtoto wa mama yangu mdogo, anayepanga chumba kule Mlowo, wilaya ya Mbozi, na kupima mahindi kwa wanunuzi. Mama mdogo Rozi alikuwa ameniambia nimwangalie huyo kijana. Nami nilikuwa namwangalia humo humo kwenye Mende, kila mmoja kwenye kiti chake.

Mlowo kulikuwa na mtu mmoja asiyelitaka kabisa. Mwenye nyumba wa Brayan, mzee Yesaya, ni mzee wa kanisa, na zile sauti za mende zilipopita ukutani alisema ni mapepo. Alionya, akaombea, mwisho akapata dawa: swichi kubwa ya umeme iko upande wake, basi anaizima. Kila akizima, Brayan hutoka nje akilalamika, "Mzee jamani, nilikuwa namalizia!" Na mzee humjibu, "Kamalizie Zaburi." Tunabaki mimi na Aliko katikati ya mende, tunaliwa. Nilimchukia yule mzee kabla hata sijamwona sura.

Jumapili moja ya Juni, mchana, tuliingia kucheza watu wakiwa wametoka kanisani. Baridi ya Mbozi mwezi huo haina huruma, na upepo ndio unaiongezea ubaya. Brayan aliingia mtandaoni na furaha zake, tukimsikia kwenye hedifoni.

"Leo mzee hasikii kitu, dada Jeni," akasema. "Nimetundika mablanketi dirishani na ukutani, chini ya mlango nimesokomeza koti. Halafu nimeingiza jiko la mkaa. Niko kama niko Dar."

Tukacheka. Aliko akamwomba amrushie joto kidogo. Wala sikufikiria kitu. Mtu wa huku kuingiza jiko ndani mwezi wa Juni ni kama kuvaa sweta.

Tulishuka kwenye sayari. Baada ya muda Brayan akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia anywe maji. Akasema anasikia kichefuchefu, nikamwambia aache kula chipsi za stendi. Kisha akaanza kupiga risasi hewani, pasipo na mende. Mwishowe akasimama tu, yule askari wake wa bluu, katikati ya uwanja, bunduki imetazama chini.

"Mtandao wa Mlowo huo," Aliko akasema.

Lakini maiki yake ilikuwa wazi, na kwenye hedifoni nilisikia anavyopumua. Pumzi nzito, inakwama, inaachia.

"Amelala!" Aliko akacheka. Akaongeza kwa Kibemba, "Awe, hapana, huyu leo ametuacha."

Nami nilianza kucheka. Kicheko kikakatika, kwa sababu nilimkumbuka mjomba Enoka wa Ileje na mkewe. Walikutwa asubuhi wamelala vizuri, wamejifunika vizuri, jiko limepoa miguuni mwao. Nilikuwepo msibani. Watu walikuwa wakisema hata hawakuhangaika, kana kwamba hilo ni jambo la kutufariji.

"Aliko, jiko," nikasema. "Ana jiko humo ndani na ameziba kila mahali."

Nilisikia kiti cha Aliko kikigonga sakafu. Nikampigia Brayan simu. Ikaita, na mlio wake nikausikia kwenye hedifoni, pale pale pembeni yake, unaimba mpaka ukakata. Hakusogea. Nikampigia mama mdogo; alikuwa shambani Ndalambo, hapatikani. Namba ya mzee Yesaya sina. Ningekuwa nayo ya nini? Ya kumtukana? Nikampigia rafiki yangu mmoja mwenye duka Mlowo stendi, naye akasema yuko Mbeya. Kutoka Tunduma hadi Mlowo, na foleni ile ya malori, ningefika kumzika.

"Brayan!" nikapiga kelele. "Amka, mdogo wangu! Fungua mlango!"

Sauti yangu ilikuwa inatokea kwenye sabufa lake, lile alilolipunguza sauti ili mzee asisikie. Akaguna kidogo, kisha akanyamaza.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule niliyekuwa namchukia. Kati ya watu wote wa Mlowo, mmoja tu ndiye aliyekuwa na tabia ya kuja kwenye mlango ule.

"Aliko, tupige kelele," nikasema. "Kelele kubwa kuliko zote. Mzee Yesaya aje kugomba."

Kwenye Mende kitu chenye kelele kuliko vyote ni radi, bomu unaloliita kutoka angani. Linatikisa hata meza yangu. Taabu ni kwamba mimi na radi hatupatani: nimeshawaua Aliko na Brayan kwa radi mara nyingi hadi wakanipa jina la Mama Msiba. Na ukifa kwenye Mende, kioo chako kinakuwa cheusi na sauti inazimika. Kwa hiyo radi ilibidi ianguke karibu na Brayan ili sabufa lake lingurume, lakini isimguse. Na mende nao walikuwa wanamjia, amesimama pale hajitetei.

Aliko alisimama mbele ya askari wa bluu na kuwapiga mende bila kupumzika. Mimi nikaita radi. Ya kwanza ilianguka karibu mno, askari wa bluu akayumba, damu yake kwenye kioo, yaani kipimo cha uhai, ikabaki robo. Aliko hakunilaumu, alisema tu, kwa lile neno lao la heshima, "Tena, mukwai. Sogeza kidogo." Nikaita ya pili, ya tatu, nikaacha kuhesabu. Kwenye hedifoni nilikuwa nasikia radi zangu zikirudi kutoka chumbani kwake, zimefifia nyuma ya yale mablanketi, na katikati yake pumzi ya mdogo wangu ambayo sasa ilikuwa inachelewa. Niliomba. Mimi ambaye kanisani naonekana Krismasi, niliomba kwa sauti huku nikiita mabomu.

Mlango ukagongwa.

"Brayan!" Sauti ya kizee, kali. "We kijana! Siku ya Bwana hii!"

Tukaacha kupiga. Nikapaza sauti hadi koo likauma, "Mzee Yesaya! Vunja mlango! Anakufa! Vunja mlango, mzee wangu!"

Kisha nikamsikia akisema, kama anajisemea, "Sasa mapepo yamefika hadi ya kike."

Nikasikia hatua zikiondoka. Na baadaye kidogo, kioo changu kikaandika kwamba Brayan ametoka mchezoni.

Alikuwa amezima umeme.

Sijui kueleza nilivyokaa pale. Mende walikuja wakaniua, nikawaacha. Kwenye hedifoni Aliko alikuwa analia, mwanaume mzima, ananiuliza maswali yasiyo na jibu. Nilikuwa nimemwita mtu, mtu akaja, akafanya kile anachofanya siku zote. Nikaanza kupiga simu ya Brayan tena. Inaita, inakata. Napiga. Inaita, inakata. Sikuwa na la maana la kufanya ila hilo.

Ikapokelewa. Kulikuwa na upepo, na mtu anahema.

"Nani?" Ilikuwa ile sauti ya kizee.

"Shikamoo mzee," nikasema. Ndivyo kinywa kilivyozoea.

"Marahaba." Akahema. "Nimemtoa nje. Amelala kwenye nyasi hapa. Anatapika."

"Anapumua?"

"Mtu anayetapika si anapumua, binti?"

Nikaangua kilio mbele ya mteja aliyekuwa amekuja kununua chaja.

Mzee alisubiri nimalize. Kisha akasema, sauti imepungua ukali, "Nilikuwa nimeshazima, narudi kwangu kula. Nimefika mlangoni, nikasimama. Kila siku nikizima hutoka kunigombeza. Leo hakutoka. Nikangoja anigombeze. Hakunigombeza, mwanangu. Nikaogopa. Nikapiga mlango teke."

Bodaboda walimpeleka hospitali, akapona, na kwa muda mrefu aliumwa kichwa. Bado tunacheza Mende. Jiko linakaa nje, na mama mdogo alimnunulia sweta nene ambalo sisi tulimcheka nalo. Mzee Yesaya bado anasema ni mapepo, na bado anazima umeme. Ila siku hizi akishazima haondoki; anasimama kwenye giza la korido mpaka Brayan atoke amlalamikie. Siku Brayan akichelewa kutoka, mzee anagonga.

"Nigombeze," anasema. "Nigombeze nikale."